Hodi kwa Mjumbe: Anwani Inayofika na Swali

Ukimtafuta mtu Ngorongo, kule Rufiji, huulizi namba ya nyumba. Unaelekezwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Unamtajia jina, anakuonyesha njia. Asipomjua anakwambia: huyo si wangu, nenda kwa mjumbe wa upande ule. Utaratibu huo wa TANU wa miaka ya 1960 mimi nauona kama rejista yenye miguu.

Wataalamu wa kompyuta nao walimhitaji mjumbe wao. Mwaka 1988 ulitoka mpango wa X.500, mti wa majina wa dunia nzima: juu nchi, chini yake mashirika, chini kabisa watu. Ulikuwa mzito mno kwa kompyuta za mezani. Chuo Kikuu cha Michigan, Tim Howes na wenzake wakaupunguza uzito, na 1993 ikatoka LDAP. Juni 1996, Howes na Mark Smith wakaandika namna ya kuiuliza rejista kwa anwani iliyofanana na za wavuti. Baada ya marekebisho ya 1997 ikawa hivi:

ldap://seva.mfano/ou=Ngorongo,ou=Rufiji,c=TZ?telephoneNumber?sub?(sn=Mbonde)

Isome taratibu. Kwanza mlango wa kubisha hodi. Halafu pa kuanzia kutafuta, kutoka dogo kwenda kubwa, kama tunavyoandika bahasha. Kisha: nipe namba ya simu tu, pekua tawi zima hadi chini, namtaka mwenye jina la ukoo Mbonde. Anwani nyingi za wavuti zinakupeleka mahali, basi. Hii inafika na swali mkononi, na hapo ndipo iliponinasa.

Toleo la 3 la LDAP, Desemba 1997, likaweka rasmi na jibu la mjumbe: seva isiyo na habari inakurudishia anwani ya seva nyingine, kwa mtindo huohuo.

Sasa, ubaya wa mti ni kwamba jina limebeba mahali. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vya miinukoni. Juzijuzi tu, Kibiti nayo imemegwa ikawa wilaya yake. Mtu ni yuleyule, ila bahasha ya zamani inamtafuta alikokuwa. LDAP ni hivyohivyo: hamisha tawi, na kila anwani iliyolitaja inakosa mtu. Ndiyo maana wasimamizi wengi waliacha kuwapanga watu kwa idara na mikoa, wakawaweka wote tawi moja, idara ikabaki maelezo pembeni ya jina. Kanuni mpya ya anwani hizi, RFC 4516 ya Juni 2006, imeuacha mti vilevile.