Safu Thelathini na Moja: Nafasi na Usomekaji katika Programu za Usimamizi Pwani ya Kilifi

Kiolesura cha usimamizi ni upande wa ndani wa programu, pale makarani, maafisa wa kumbukumbu na wasimamizi wa mfumo wanapoingiza, kukagua na kusahihisha taarifa ambazo umma hauzioni. Mtumiaji wa kawaida hupita kwenye programu kwa dakika mbili tatu. Karani hushinda humo kutwa. Ndiyo maana malalamiko mawili husikika zaidi huku ndani kuliko kwingine: kwamba maandishi hayasomeki, na kwamba nafasi inapotea bure. Mara nyingi malalamiko hayo huchukuliwa kuwa yanapingana, kana kwamba aombaye herufi kubwa lazima akubali orodha fupi, naye aombaye orodha ndefu avumilie herufi za kuumiza macho. Makala haya yanatetea hoja tofauti. Nafasi haipotei kwa sababu ni tupu. Hupotea pale inapotenganisha vitu vinavyosomwa pamoja. Kwa kipimo hicho, skrini yaweza kujaa weupe na bado ikawa imebana.

Pwani ya Kenya inafaa kutolewa mfano kwa sababu ilitangulia. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, unaotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulifanyiwa majaribio katika uliokuwa Mkoa wa Pwani mwaka 2011, kabla ya kusambazwa nchi nzima mwaka huohuo. Tangu hapo ripoti za mwezi za zahanati, vituo vya afya na hospitali, kuanzia Mtwapa hadi Marafa, hupitia kwenye skrini. Chanzo chake, kwa sehemu kubwa, kimebaki kuwa karatasi: rejista na fomu zenye namba za Wizara ya Afya, ambazo karani huziweka ubavuni mwa kompyuta na kuhamisha tarakimu moja baada ya nyingine.

Miongoni mwa fomu hizo, MOH 705A, muhtasari wa wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, inastahili kutazamwa kwa karibu. Upande wa kushoto yameorodheshwa magonjwa, kila moja na mstari wake. Juu zimepangwa siku za mwezi, 1 hadi 31, na mwishoni ipo safu ya jumla. Karatasi hiyo haina urembo wowote. Herufi ni ndogo, mistari imesongamana, na kisanduku kinatosha tarakimu mbili, tatu kwa taabu. Lakini karani akiitandaza mezani, mwezi mzima uko mbele yake. Kidole cha mkono wa kushoto kinashika jina la ugonjwa, kalamu inateleza hadi tarehe 19, na jicho halijapoteza kitu njiani. Safu ya tarehe 14 ikiwa tupu huku 13 na 15 zimejaa, pengo hilo linaonekana kabla hajaanza kulitafuta, naye anajua mara moja kwamba ama kituo kilifungwa siku hiyo au kuna karatasi ya kuhesabia haijaletwa.

Hesabu ya kuhamishia jedwali la namna hiyo kwenye skrini si ngumu. Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina upana wa pikseli 1,366 na kimo cha pikseli 768. Kwa fonti ya pikseli 14, tarakimu mbili huchukua takriban pikseli 16. Kisanduku kikiwekewa pambizo ya pikseli 16 kila upande, kama ilivyo desturi katika mitindo mingi ya kisasa, upana wake unafika 48, na siku 31 zinadai pikseli 1,488. Hapo hata jina la ugonjwa halijapata pa kukaa. Pambizo ikipunguzwa hadi pikseli 4, siku zote 31 zinaenea katika pikseli 744. Jina la ugonjwa likipewa 220 na jumla 60, bado zinabaki zaidi ya 300. Herufi hazijapunguzwa hata chembe. Kwa nafasi iliyookolewa fonti yaweza kupandishwa hadi pikseli 18 na jedwali zima likaenea bado. Kinachodhaniwa kuwa mvutano kati ya ukubwa wa herufi na wingi wa taarifa, hapa kumbe ni suala la pambizo.

Kimo nacho kina hesabu yake. Ukiondoa upau wa mfumo, vichupo vya kivinjari, kichwa cha programu, vichujio na vichwa vya safu, kati ya pikseli 768 hubaki kama 430 za mistari yenyewe. Mistari ya pikseli 48 itaonekana 9 kwa wakati mmoja. Ya pikseli 24, kama 18. Orodha ya magonjwa 60 itahitaji skrini saba katika hali ya kwanza na nne katika ya pili. Tofauti ya skrini tatu yaonekana ndogo mpaka ikumbukwe kwamba karani hatembei orodha hiyo mara moja. Huipanda na kuishuka kila anapolinganisha, kila anapokosea, na kila msimamizi anapouliza.

Gharama ya safari hizo hulipwa na kumbukumbu. George Miller mwaka 1956 aliweka uwezo wa kumbukumbu ya muda mfupi kwenye vitu saba hivi. Nelson Cowan mwaka 2001 aliushusha hadi vinne. Karani anayehamisha tarakimu tayari amebeba tatu: ugonjwa, tarehe na idadi. Jedwali likisogezwa kulia hadi jina la ugonjwa litoweke ukingoni, analazimika kubeba na nafasi ya mstari. Ndipo idadi ya malaria iliyothibitishwa inapoangukia kwenye mstari wa malaria inayoshukiwa. Kosa la aina hii halipigiwi kelele na mfumo, kwa sababu tarakimu yenyewe ni halali. Tena katika DHIS2 kisanduku hugeuka kijani kuonyesha kwamba data imehifadhiwa salama. Kugandisha safu ya kwanza ili ibaki mahali pake wakati nyingine zikisogea ni dawa ya nusu: mstari unarudi, lakini mwezi mzima hauonekani, na lile pengo la tarehe 14 linajificha tena.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba weupe ni adui. Maandishi ya mfululizo yana kanuni zake. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha upangaji wa herufi cha mwaka 1992, anapendekeza mstari wa herufi 45 hadi 75, kwa kuwa mstari mrefu mno humfanya msomaji akose mwanzo wa mstari unaofuata. Ukurasa wa mipangilio wenye aya za maelezo, ukifunguliwa kwenye skrini pana, ni lazima uache uwanja mtupu upande mmoja. Anayelalamikia weupe huo analalamikia kitu kinachomsaidia. Hali kadhalika nafasi kati ya makundi mawili ya visanduku: ikiwa kubwa kuliko nafasi iliyo ndani ya kila kundi, inasema bila maneno kwamba hapa jambo moja limekwisha. Waandishi wa hati za tenzi pwani hii waliijua mbinu hiyo zamani. Mara nyingi ubeti mzima uliandikwa mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu, vipande vinne vikisimama kama safu nne, hata kina cha mwisho cha kila ubeti kikashuka wima kwenye ukingo wa kushoto. Karatasi ilikuwa ghali, na nafasi kidogo iliyoachwa ilitumwa kazi.

Nafasi kubwa za siku hizi zilitoka mahali pengine: kwenye kidole. Simu za kugusa zilipoenea, Google katika mwongozo wake wa Material Design wa mwaka 2014 ilipendekeza eneo la kugusa lisipungue vipimo 48, na Apple kwa upande wake ilikuwa imeshika 44. Eneo la usimamizi la WordPress lilibadilishwa katika toleo la 3.8 la Desemba 2013, likaja na fonti mpya, rangi zenye kukolea na nafasi zaidi, likiwa limekusudiwa kukaa vizuri hata kwenye simu. Mabadiliko hayo yalikuwa na mantiki. Shida ni kwamba kipimo cha kidole kilihamia pia kwa karani mwenye kipanya na kibodi, ambaye hagusi skrini hata mara moja kwa siku, na anayeruka kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa kitufe cha Tab.

Orodha ya majina huonyesha upotevu wa aina nyingine. Kilifi ndiko ilikoanzishwa programu ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust mwaka 1989, na tangu 2000 kumekuwa na rejista ya ufuatiliaji wa wakazi katika eneo la kilomita za mraba 891 hivi, ambayo wagonjwa wanaolazwa hospitalini hulinganishwa nayo. Kumtambua mtu katika rejista ya Kilifi si kazi nyepesi. Miongoni mwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, mtoto hurithi jina la babu au bibi, na majina yaleyale huzunguka kizazi hadi kizazi. Kwa mfano wa kubuni, Kazungu Charo Kazungu na Kazungu Charo Karisa waweza kuwa binamu, na Charo Kazungu Charo akawa baba wa mmojawao. Jina la tatu ndilo linalowatofautisha. Kiolesura kilichotengenezwa na mtu aliyezoea jina moja na la ukoo hukata jina pale safu inapoishia na kuweka nukta tatu, kwa hiyo binamu wote wawili wanasomeka "Kazungu Charo K…", mmoja juu ya mwingine, na kulia kwao weupe wa kutosha jina la nne. Hapa hakuna anayeweza kudai kwamba nafasi ilikosekana.

Usomekaji wenyewe huharibiwa zaidi na rangi kuliko udogo. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.0, wa mwaka 2008 unataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Kijivu chenye alama #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa kukwaruza, 4.54, lakini kile cha #999999, kinachopendwa kwa maelezo ya pembeni, kina 2.85 tu. Fomula ya uwiano huo tayari imeingiza mwanga wa mazingira unaorudishwa na kioo, lakini ni mdogo: asilimia 5 ya mwangaza wa nyeupe. Hicho ni kiwango cha ofisi yenye mapazia. Wahudumu wa afya ya jamii kote nchini Kenya walianza kupewa simu za eCHIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii, mwaka 2023, na kazi yao hufanyika uani kwa watu, chini ya mwembe ukibahatika, na la sivyo kwenye jua la Magarini au Ganze. Tuseme mwanga unaorudi kwenye kioo umefika nusu ya mwangaza wa nyeupe. Nyeusi juu ya nyeupe, ambayo ofisini ni 21 kwa 1, inashuka hadi 3 kwa 1. Kijivu kilichofaulu mtihani kwa 4.54 kinabaki na 2.2. Hapo kuongeza ukubwa wa herufi kunasaidia kidogo. Kukoleza rangi yake kunasaidia zaidi.

Lugha nayo ina neno lake. Community Health Toolkit, programu huria iliyo msingi wa eCHIS, ina tafsiri ya Kiswahili, na yeyote aliyewahi kutafsiri menyu anajua kwamba neno fupi la Kiingereza hugeuka "mipangilio" na kugonga ukuta wa kitufe. Hilo ndilo tatizo linalojulikana. Lisilozungumzwa sana ni la ngeli. Jicho linalopekua orodha hushuka ukingo wa kushoto likitafuta herufi za mwanzo. Katika Kiswahili, menyu yenye Watumiaji, Wagonjwa, Wahudumu na Watoto inaanza na silabi ileile mara nne, na tofauti imesogea ndani ya neno. Ukanushi nao hukaa mapema: "waliochanjwa" na "wasiochanjwa" hutengana kwa silabi moja tu, iliyozibwa pande zote mbili na silabi zinazofanana. Hakuna pambizo inayotibu hali hiyo. Kinachosaidia ni kubadili maneno, kwa mfano kuandika "chanjo tayari" na "bila chanjo", na kuacha neno refu livunjwe mstari badala ya kukatwa. Kuvunja ni rahisi kwa kuwa silabi za Kiswahili, ukiacha m na n zinazosimama peke yake na baadhi ya maneno ya mkopo, huishia na irabu.

Baadhi ya mifumo humwachia mtumiaji achague msongamano. Gmail imekuwa ikitoa chaguo hilo kwa miaka mingi, na Carbon, mfumo wa vipengele wa IBM uliotumika kujenga OpenMRS 3, programu ya rekodi za wagonjwa, una vimo vitano vya mstari wa jedwali: pikseli 24, 32, 40, 48 na 64. Kimo cha kawaida, asipochagua mtu, ni 48. Chaguo ni jambo jema, ila mara nyingi huwekwa ndani ya menyu ambayo karani hana ruhusa ya kuifungua, hivyo uamuzi hubaki kwa aliyesanidi mfumo mara moja na kuondoka. Kwa jedwali la siku 31 linalojazwa kwa kibodi, uamuzi wenyewe hauna utata mwingi. Mpaka wa chini upo: WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inataka eneo la kubofya lisipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa pale nafasi kati ya maeneo hayo inapofidia, na 24 ndicho kimo kidogo kabisa cha Carbon. Kisanduku cha tarakimu mbili chenye pambizo ya pikseli 4 kina upana wa 24 vilevile, na mwezi mzima unaenea.