Chama Kinachomiliki Nyumba ya Bach

Sisi tuliolelewa katika tenzi za Kilutheri tumeimba mara nyingi sauti zilizopangwa na Johann Sebastian Bach, bali ni wachache waliojiuliza ni nani anayemiliki nyumba ya kumbukumbu yake huko Eisenach, Ujerumani, mji alikozaliwa mwaka wa 1685. Mwenyewe si serikali wala Kanisa. Ni chama cha hiari kiitwacho Neue Bachgesellschaft, kilichoundwa Leipzig mwezi wa Januari 1900.

Chama hicho kilishika nafasi ya kingine cha mwaka wa 1850, ambacho kwa nusu karne kilikuwa na shabaha moja, yaani kuchapa kazi zote za Bach. Chapa ilipokamilika, ilionekana kwamba muziki uliofungwa vitabuni haujamfikia mwimbaji. Mlango wa chama kipya ukawekwa wazi: mtu wa nchi yoyote alipaye ada ya mwaka huwa mwanachama, naye hupokea kitabu cha utafiti, Bach-Jahrbuch, kilichoanza kutolewa mwaka wa 1904. Ujerumani ilipogawanyika, chama hakikugawanyika. Makao yake yalibaki Leipzig, upande wa mashariki, na wanachama wa magharibi wakabaki ndani. Tukumbuke kwamba makanisa ya mashariki yalijitenga na umoja wa makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani mwaka wa 1969. Chama cha waimbaji kilivumilia pale ambapo muundo wa Kanisa haukuweza.

Nyumba yenyewe ilifunguliwa tarehe 27 Mei 1907, ikiaminiwa kuwa ndimo Bach alimozaliwa. Mwaka wa 1928 mtafiti Fritz Rollberg, akitumia kumbukumbu za kodi, alionyesha kwamba nyumba ya baba yake Bach ilikuwa mtaa mwingine. Hapa ndipo penye jaribu. Chama kinachoishi kwa wageni kingewezaje kuungama kwamba hawakuja mahali penyewe? Hata hivyo nyumba haikuachwa. Iliharibiwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, ikatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka wa 1947, na siku hizi makumbusho hueleza waziwazi kwamba Bach hakuzaliwa humo. Kwa maoni yetu, ukweli huo umeiheshimu kumbukumbu kuliko kibao chochote ukutani.

Kuhusu fedha, ada za wanachama pekee haziwezi kubeba nyumba ya namna hii. Sehemu kubwa ya matumizi hutoka katika viingilio. Nalo hilo limeathiri hata uchaguzi wa watumishi. Kwa kuwa mgeni hakuahidiwa tena chumba alimozaliwa mtunzi, hupewa kitu kingine: husikilizishwa vinanda vya kale, vikipigwa papo hapo mbele yake. Basi haitoshi mtumishi wa nyumba hiyo kujua tarehe na majina; lazima wawepo wajuao kuketi kwenye kinanda na kupiga, saa baada ya saa, kila kundi la wageni liingiapo.