Kutoka Bildi hadi Mwangwi: Kipimakina katika Vyombo Vidogo

Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kambani, na kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa macho ya chombo chini ya maji. Baharia alisimama omo, akaitupa mbele, akasubiri iguse chini, kisha akahesabu kamba kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, yenye mafungu na miamba inayojificha maji yakijaa, aliyetia bildi kizembe alikipandisha chombo mwambani. Mabaharia wa Ulaya walitoboa tundu kitakoni mwa bildi na kulijaza shahamu, ili ipande na mchanga, tope au vipande vya kombe. Hivyo bildi ilijibu maswali mawili kwa mpigo mmoja: maji yana kina gani, na chini kuna nini. Swali la pili halikuwa dogo. Nanga hushika vizuri katika tope kuliko juu ya mwamba mtupu, na rubani aliyeijua sakafu ya njia yake aliweza kukisia alipo hata katika giza au ukungu.

Udhaifu wa bildi ulikuwa mwendo. Chombo kilipaswa kupunguza kasi, na penye kina kirefu kamba ilipeperushwa na mkondo ikatoa kipimo cha uongo. Wazo la kuipa sauti kazi ya kamba lilianza mbali na bahari. Mwaka 1826, wanasayansi Colladon na Sturm walipiga kengele chini ya maji ya Ziwa Geneva na kupima kasi ya sauti humo: mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Katika bahari kasi hiyo hukaribia mita 1,500. Hesabu inayofuata ni nyepesi. Sauti ikitumwa chini na mwangwi wake ukarudi baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, imesafiri mita 30 kwenda na kurudi, kwa hiyo kina ni mita 15. Ugumu haukuwa katika hesabu. Ulikuwa katika kupata saa ya kupima muda mfupi kiasi hicho.

Kuzama kwa meli Titanic mwaka 1912, baada ya kugonga siwa barafu, ndiko kulikowasukuma wahandisi. Alexander Behm, akifanya kazi Kiel nchini Ujerumani, alitafuta njia ya kugundua siwa barafu kwa mwangwi. Barafu ilimvunja moyo, lakini sakafu ya bahari ilimjibu vizuri, na mwaka 1913 alipata hataza ya kupima kina kwa sauti. Upande wa pili wa Atlantiki, Reginald Fessenden alijaribu mtambo wake mwezi Aprili 1914 akiwa katika meli ya Marekani iliyoitwa Miami, akapata mwangwi wa siwa barafu na wa chini ya bahari pia. Vita Kuu ya Kwanza ilileta hatua nyingine. Paul Langevin wa Ufaransa alitumia fuwele za kwazi, ambazo hutetemeka zikipitishwa umeme na kutoa umeme zikitetemeshwa, kutuma na kupokea sauti kali isiyosikika na sikio. Kati ya mwaka 1925 na 1927, meli ya Kijerumani Meteor ilipima kina cha Atlantiki ya Kusini zaidi ya mara 67,000, kazi ambayo kwa kamba isingefikirika.

Hata hivyo, mwenye mashua hakunufaika na lolote kati ya hayo. Mitambo ya wakati huo ilikuwa mizito, ilitumia valvu za kioo, na ilihitaji umeme ambao chombo kidogo hakikuwa nao. Wazo lilikuwa limekamilika. Kilichochelewa ni betri na wepesi. Katika miaka ya 1930 baadhi ya manahodha wa uvuvi wa Uingereza na Norwei waligundua kwamba alama zilizoonekana kati ya uso wa maji na chini zilikuwa makundi ya samaki, lakini vyombo vyao havikuwa vidogo kama ngalawa.

Waliokileta kifaa kwa mvuvi mdogo ni ndugu wawili wa Kuchinotsu, mkoani Nagasaki, nchini Japani. Kiyotaka Furuno alikuwa fundi umeme wa vyombo vya baharini. Inasimuliwa kwamba mvuvi mzee alimwambia: palipo na mapovu pana samaki. Mapovu hurudisha sauti, na Furuno akaunganisha mambo hayo mawili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, yeye na mdogo wake Kiyokata walichukua vipimakina vilivyobaki jeshini wakavibadili. Mwaka 1948 walianza kuuza kitafuta samaki. Wavuvi wengi hawakukiamini mwanzoni, na haikuwa ajabu: mtu aliyesoma bahari kwa ndege, rangi ya maji na mwezi hakubali upesi kuongozwa na sanduku. Mavuno ndiyo yaliyowashawishi.

Kinachorudisha mwangwi kwa nguvu zaidi mwilini mwa samaki ni kifuko cha hewa kilichomo tumboni. Ndiyo maana baadhi ya samaki wa jamii ya jodari, wasio na kifuko hicho, huonekana hafifu hata wakiwa kundi kubwa. Masafa nayo yana tabia zake: kilohezi 50 hufika mbali lakini huona kwa ujumla tu, ilhali kilohezi 200 huonyesha undani zaidi katika maji mafupi.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, iliondoa kikwazo cha umeme. Mwaka 1959 kampuni ya Lowrance ya Joplin, Missouri, ilitoa kisanduku cha kijani chenye transista, kilichotumia betri na kubebwa mkononi. Ndani yake taa ndogo ilizunguka na kumweka pale mwangwi uliporudi. Kilikusudiwa wavuvi wa burudani katika maziwa, nao walikinunua kwa wingi. Katika miaka ya 1980 taa ilianza kuachia nafasi skrini za kidijitali.

Pwani ya Kenya na Tanzania, mwangwi ulitumika pia kwa utafiti. Meli ya Norwei Dr. Fridtjof Nansen ilipima wingi wa samaki huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mbinu hiyohiyo ilianza kutumika kukadiria sangara na dagaa wa Ziwa Viktoria.

Kifaa kingine kilichoungana na kipimakina ni GPS. Kipokezi cha kwanza cha mkononi kwa raia, Magellan NAV 1000, kilitoka mwaka 1989, lakini Marekani iliwapunguzia raia usahihi kwa makusudi hadi Mei 2000. Siku hizi skrini moja yenye ukubwa wa kiganja huonyesha kina, samaki na mahali chombo kilipo. Betri ikiisha haionyeshi kitu, na manahodha waangalifu bado wana bildi ndani ya chombo.