Robo Iliyo Tupu
Jangwa kuu la Arabuni, lenye eneo la kilomita za mraba 650,000 hivi, lililoenea Saudia, Omani, Yemen na Imarati, huitwa Rub' al-Khali, jina ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulifahamu, kwani robo ni ile ile tupimiwayo sukari dukani, na khali maana yake ni tupu. Walakini Mabedui, ambao ndio wenyeji, hulitaja kwa neno moja tu, ar-Rimal, yaani Michanga. Nami naona wao ndio waliopatia, maana utupu huo ni wa macho ya mgeni. Jangwani humo, huko Mundafan, penye maziwa yaliyokauka tangu dahari, yameonekana mabaki ya viboko! Naye msafiri Mwingereza Philby, alipokwenda mwaka 1932 kuutafuta mji wa Wabar, uliosemekana kuangamizwa kwa moto wa mbinguni, alikuta mashimo akayadhania kuwa ni ya volkano, kumbe ni kimondo kilichoanguka kikauyeyusha mchanga ukawa kioo cheusi, ambacho Mabedui aliofuatana nao walikiokota chembe chembe, wakiamini kuwa ni lulu zilizoungua za wake wa Adi, mfalme wa mji huo.