«Uko wapi?» Swali la wazazi lina historia

Siku hizi wazazi wengi wanaomba mtoto aliye chuo kikuu awashe ndani ya simu ile programu inayoonyesha mahali alipo, saa zote. Kijana anakasirika: «Mimi si mtoto tena!» Mzazi anajibu: «Hii inchi unaijua?» Mbele ya kugombana, mimi naona tuangalie kwanza historia yetu, juu woga huu haukuanza na simu.

Tarehe 4 Juni 1969, askari walipiga risasi wanafunzi walioandamana Kinshasa. Wengine wakafa. Juni 1971, wenzao walipotaka kukumbuka wale marehemu, Mobutu alifunga Lovanium na kuingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Kisha ikaja Lubumbashi: usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, kampasi ilishambuliwa, na hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mzazi aliyekomaa na habari kama hizi, akiuliza «uko wapi?», tusimwite mchokozi.

Lakini mutazame vizuri. Mwaka wa 1971 mahali pa wale vijana palijulikana: walikuwa kambini. Mwaka wa 1990 wengi walikuwa ku kampasi, pale pale wazazi walipodhani wako. Kujua wapi hakukuwasaidia kitu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatetea.

Chombo chenyewe nacho kilitoka jeshini. GPS ni kazi ya jeshi la Marekani. Zamani raia walipewa ishara iliyopunguzwa usahihi kwa makusudi, paka tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kufanya vile. Leo simu inapokea ishara za satelaiti, inahesabu mahali ilipo, kisha inatuma habari kwa njia ya intaneti. Mega zikiisha ama betri ikizima, ramani inabakia na mahali pa mwisho tu.

Mdogo wangu anasoma Lubumbashi, mama yuko Bukavu. Usiku moja umeme ulikatika, simu ya mdogo ikazima, na ile alama ikabaki sokoni. Mama hakulala. Aliyemtuliza asubuhi hakuwa satelaiti: ni mwenzake wa chumba, aliyepokea simu na kusema, «Mama, huyu hapa, analala.»

Sheria nayo iko wazi. Tangu Sheria ya Familia ya 1987, mwenye miaka 18 si mtoto tena. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu pamoja na mawasiliano yake. Basi kumuwekea kijana programu kwa kificho si malezi. Lakini kijana naye asijifiche nyuma ya sheria wakati anakula pesa ya mzazi na hapokei simu.

Shauri langu: muelewane. Siku ya safari, ama ukirudi usiku, washa ile alama mwenyewe, ukifika zima. Umuachie mzazi namba za watu wawili wanaokuona kila siku. Na wewe mzazi, hao watu wawili uwapigie mara moja moja, hata siku hakuna shida, ili wakujue.

Kwenu munafanyaje?