Siti binti Saad na Taarabu ya Kiswahili

Enzi za Sultani Barghash (1870–1888), taarabu ya Unguja ilikuwa burudani ya jumba la kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Aliyeitangaza kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, kutoka familia ya wafinyanzi. Ujanani alitembeza vyungu mitaani, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini bila mali wala elimu ya shule, akajifunza kwa wanamuziki namna ya kuimba kwa kufuata ala. Hakungoja kuinuliwa, alijituma, na kila nafasi iliyojitokeza aliipokea. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, zikasikika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950, na mwandishi Shaaban Robert akaandika wasifu wake.