Msambu Mume na Msambu Mke

Wadachi walipoanzisha kituo cha mimea pale Amani, mwaka 1902, walijaribu miti mingi ya kigeni, kama mti wa kwinini. Msambu, ambao wengine huuita mkanyi, ulikuwapo papo hapo katika misitu ya Usambara. Nao ukabaki mti wa msituni, ingawa mbegu zake zina mafuta yagandayo. Kazi ya kuufanya mti wa shamba ilianza karne hii, na mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliyaruhusu mafuta hayo katika chakula.

Lakini msambu, kama mpapai, una mume na mke. Mkulima, awe wa Amani au wa Mlola, akipanda mbegu hungoja miaka mingi mpaka maua yamwonyeshe alichopanda. Kwa hiyo yafaa mche ubebeshwe kijiti cha mti mke ujulikanao kwa kuzaa. Naye atakaye kuboresha uzao hulifunika ua la mke, wadudu wasilifikie, kisha hulipaka unga wa mume aliouchagua. Hapo pana fumbo: mti mume hauzai, basi ubora wake haujulikani ila kwa mabinti zake. Asiukate mtu kwa haraka akiuona hauna tunda. Matunda yake yako juu ya mti wa jirani.